Mwacheni Frans Hals acheke

Wapenzi wa picha za kale za Uholanzi wana mazoea ya kumweka mchoraji Frans Hals nyuma ya wenzake Rembrandt na Vermeer. Watamsifu kwa mkono mwepesi, kisha watakuongezea kwamba hana kina: walevi, watoto wanaocheka, maofisa walioshiba nyama. Maneno hayo yananikera. Kwa maoni yangu kasoro si ya Hals, ni yetu sisi watazamaji, tunaotaka msanii atuonyeshe machozi kwanza ndipo tumwite mkubwa.

Kumchora mtu anayecheka ni kazi ngumu kuliko kumchora mwenye huzuni. Huzuni hukaa usoni. Kicheko hakikai, mwambie mtu aendelee kucheka mpaka umalize pua yake, na kabla hujafika kwenye nyusi umebakiwa na meno tu. Wachoraji wengi wa karne ya 17 waliikwepa shida hiyo kwa kuwakazisha watu nyuso, kama anavyofanya mpiga picha wa pasipoti. Hals akaivaa. Mtazame yule mnywaji mchangamfu aliye Rijksmuseum, jumba la makumbusho la Amsterdam, aliyechorwa kati ya 1628 na 1630 hivi. Mkono wa kushoto umeshika glasi, wa kulia umeinuka hewani, mdomo umefunguka nusu. Yuko katikati ya hadithi na anakusimulia wewe. Ukisogea karibu, ule mkono ulioinuka unavunjika na kuwa michirizi ya brashi iliyopitishwa haraka, mingine haikulainishwa kabisa. Rudi hatua mbili, vidole vinarudi mahali pake.

Picha yake mashuhuri kuliko zote iko London, katika jumba la sanaa la Wallace Collection. Imeandikwa juu yake mwaka 1624 na umri wa aliyechorwa, miaka 26. Waingereza waliipa jina la bwana anayecheka, na kusema kweli hacheki. Ni sharubu zilizopinda juu, pamoja na jicho la mtu anayejijua. Mimi huvutiwa zaidi na mkono wa koti lake, uliotariziwa nyuki, mishale na mafundo ya mapenzi kwa nyuzi nyekundu, nyeupe na njano. Halafu kuna rangi nyeusi. Mchoraji Van Gogh, katika barua ya 1885 kwa kaka… samahani, kwa mdogo wake Theo, alisema Hals ana weusi wa aina 27. Sidhani kama alizihesabu, lakini ukisimama mbele ya yale mavazi utamwelewa.

Maisha yenyewe hayakuwa ya kuchekesha. Alizaliwa Antwerp mwaka 1582 au 1583, na wazazi wake, watu wa kazi ya vitambaa, wakahamia mji wa Haarlem, Uholanzi, baada ya Wahispania kuiteka Antwerp mwaka 1585. Mke wa kwanza, Anneke, alifariki 1615. Mwaka 1617 akamwoa Lysbeth Reyniers, na watoto wakafuatana. Madeni nayo yakafuatana. Mwaka 1654 mwokaji mikate aliyekuwa akimdai alichukua haki ya kumiliki vitu vya nyumbani kwake: magodoro, kabati, meza na picha tano. Uzeeni mji ulimpa posho ya gilda 200 kwa mwaka, na udongo mkavu wa kinamasi wa kuwashia moto. Alifariki Agosti 1666 akazikwa katika kanisa la St. Bavo.

Watu hawakutosheka na hayo, wakamwongezea mengine. Mwandishi Houbraken, mwaka 1718, alimfanya mlevi wa kila usiku. Baadaye ikaibuliwa kesi ya 1616 ya Frans Hals wa Haarlem aliyempiga mkewe. Aliyeshtakiwa ni mtu mwingine wa jina hilohilo. Mke wa mchoraji alikuwa kaburini tayari. Kosa lake ninaloweza kulithibitisha ni la kikazi. Mwaka 1633 alipewa kazi ya kuchora kikosi cha walinzi wa Amsterdam, akaianza, kisha akagoma kwenda huko kuimalizia. Waje wao Haarlem! Ni kilomita 20 tu. Walivutana miaka kadhaa, mwishowe ikamaliziwa na mchoraji Pieter Codde mwaka 1637. Nani asiyemjua fundi wa namna hiyo?

Uzushi unaoniudhi kuliko wote ni ule wa picha za mwisho, za 1664 hivi, za wasimamizi wa nyumba ya wazee ya Haarlem, wanaume kwa picha yao na wanawake kwa yao. Inasemwa Hals alikuwa akiishi humo kwa hisani, na kwa hiyo akawalipiza kisasi: akawachora mabibi wakiwa wakavu wa roho, na bwana mmoja kama amelewa, kofia imekaa upande. Hakuwa mkazi wa nyumba ile. Alikuwa na mke na kwake. Alipewa kazi na waliokuwa na fedha, akawachora walivyokuwa: wazee wamechoka, mikono imelegea mapajani, kola nyeupe zimepigwa kwa viboko vichache vya brashi. Anayeona kisasi pale amekuja nacho mwenyewe kutoka nyumbani.

Anayetaka kina aitafute picha ya Malle Babbe, iliyo Berlin. Mwanamke ana kikombe kikubwa cha bia na bundi begani, kinywa kimepasuka kwa kicheko. Kwetu bundi ni uchuro. Kwa Waholanzi wa enzi zile aliashiria ulevi. Mwanamke huyo alikuwapo kweli, na baadaye alifungiwa katika nyumba ya kazi ya Haarlem, yaani nyumba ya kuwafungia watu na kuwafanyisha kazi, mahali ambapo Pieter, mwana wa Hals mwenye matatizo ya akili, naye alifungiwa. Hals alijua vizuri mji ulivyowatendea watu wa aina hiyo. Hata hivyo hakumchora Babbe kama kituko, wala hakumfanya wa kuonewa huruma. Alimchora anacheka, kwa rangi iliyotupwa kwa kasi inayolingana na kicheko chenyewe.

Ukipata siku ya ziada Amsterdam, panda treni hadi Haarlem, ni kama robo saa. Jumba la makumbusho lenye jina lake liko katika nyumba ileile ya wazee. Wageni wengi hukimbilia wale mabibi wasimamizi kwa sababu ya hadithi ya kisasi. Anza na picha za karamu za maofisa wa kikosi cha walinzi cha St. George, ya 1616 na ya 1627, wakati macho bado hayajachoka.