Aseniki kwenye marudio: kipimo cha jumla hakitoshi, lakini hatua tano nazo zijaribiwe kwanza

Tuseme una ndoo mbili. Moja ina marudio, yaani mabaki ya mwamba uliosagwa, kutoka kwenye karasha la wachimbaji wadogo mkoani Singida, nyingine udongo mwekundu wa shamba lililo bondeni. Maabara inachemsha sampuli zote kwa tindikali kali na kukuta kila moja ina miligramu 200 za aseniki, ambayo ni sumu, kwa kilo. Kwenye karatasi zimelingana. Lakini aseniki ya kwanza huenda bado imefungwa ndani ya arsenopairiti, madini ambayo karibu asilimia 46 ya uzito wake ni aseniki. Ya pili imejishikiza juu ya kutu ya chuma, na huko ni rahisi kung'oka.

Ndiyo maana wapo wanaotetea uchujaji wa hatua kwa hatua: sampuli ileile inaoshwa kwa kemikali moja baada ya nyingine, na kila mara inapimwa aseniki iliyotoka. Utaratibu wa mtafiti wa udongo Wenzel na wenzake, wa mwaka 2001, una hatua 5. Salfeti ya amonia hutoa aseniki iliyoshikwa kilegevu. Fosfeti huing'oa ile iliyong'ang'ania, kwa kuwa hufanana nayo na hugombea nafasi zilezile. Oksaleti hufuata, gizani, kisha oksaleti na tindikali ya askobiki kwa nyuzi 96, ili kuyeyusha kutu laini na baadaye ile ngumu. Mabaki huchemshwa. Hatua ya fosfeti ndiyo inayonikosesha usingizi: mkulima anayeweka mbolea ya DAP, ambayo ina fosfeti, kwenye udongo wenye aseniki anaweza kuwa anafanya kazi hiyohiyo shambani.

Wanaopinga wana hoja nzito. Kemikali haichagui madini kwa jina. Ukijaribu utaratibu kwa mchanganyiko ambao unajua umeweka nini ndani, unaweza kukuta aseniki iliyotoka hatua moja imenaswa tena na kutu iliyobaki, kisha ikahesabiwa hatua inayofuata. Kukausha na kusaga nako huanza kuozesha arsenopairiti kabla kazi haijaanza.

Kwetu kuna la ziada. Utaratibu huu ulijaribiwa kwenye udongo wa Austria. Bahi na Manyoni kuna chokaa iliyoganda ardhini. Chokaa hupunguza utindikali wa oksaleti, na kalsiamu yake huigandisha. Kutu ikibaki bila kuyeyuka, aseniki itaonekana kidogo kuliko ilivyo.

Mimi nasimama na uchujaji, kwa sharti. Maabara ya Dodoma ichukue udongo wa hapa, sehemu moja iongezwe arsenopairiti iliyopimwa, nyingine iloweshwe aseniki, zote zipitishwe hatua 5 ili ijulikane kama zinatofautishwa. Ripoti iandike "iliyotolewa na fosfeti", isiandike "inayofyonzwa na mmea", kwa sababu hilo la pili halikupimwa. Na pale ambapo fedha za kijiji hazifiki hatua zote, vipimwe viwili tu: jumla na fosfeti, kwenye rundo la marudio na kwenye shamba linalopokea maji yake masika.