Mencken wa Baltimore, Mutahi wa Nairobi na Bei ya Kejeli

Miongoni mwetu Wakenya tunaoishi Marekani kuna kauli isiyochoka kurudiwa, kwamba Mmarekani ana kifua cha kustahimili kejeli, ilhali mkubwa wa kwetu akichekwa huona amevuliwa nguo sokoni. Naishi Baltimore, mji uliomzaa na kumzika mwandishi ambaye huenda ndiye aliyewakejeli Wamarekani kuliko mwenziwe yeyote wa karne ya 20, na habari za maisha yake zinanifanya niikatae nusu ya kwanza ya kauli hiyo. Wamarekani hawakumstahimili H. L. Mencken. Walimchukia waziwazi, wakasusia gazeti lake, na mara moja wakamtia mbaroni. Kinachonishughulisha ni mahali ambapo chuki hiyo ilikomea.

Henry Louis Mencken alizaliwa mwaka 1880, mwana wa mwenye kiwanda cha sigara ambaye alitaka mwanawe amrithi. Baba alipofariki Januari 1899, kijana, ambaye hakuwahi kusoma chuo kikuu, hakukawia kwenda kuomba kazi katika gazeti la Herald, na kuanzia 1906 akawa mtu wa gazeti la Sun. Mwaka 1924 yeye na mwenzake George Jean Nathan walianzisha jarida la American Mercury. Nyumba yake iliyoko mtaa wa Hollins, mkabala na bustani ya Union Square, ingalipo, naye aliishi humo tangu utotoni hadi kifo chake isipokuwa miaka ya ndoa iliyokatizwa na kifo cha mkewe mwaka 1935.

Kalamu yake haikumsaza mtu. Mwaka 1925 alikwenda Dayton, Tennessee, kuandika habari za kesi ya mwalimu John Scopes, aliyeshtakiwa kwa kufundisha nadharia ya mageuko ya viumbe, na akawachora wenyeji pamoja na mwanasiasa William Jennings Bryan kama vichekesho vitupu. Mwaka 1931 bunge la Arkansas, likiwa limechoshwa na matusi yake, lilipitisha hoja ya kuiombea roho yake. Mwaka huohuo, umati wa watu ulipomwua Matthew Williams, mtu mweusi, mjini Salisbury katika jimbo hilihili la Maryland, Mencken aliwaandikia wenyeji wa upande ule maneno makali kiasi kwamba walisusia gazeti la Sun pamoja na bidhaa za wafanyabiashara wa Baltimore.

Kisa cha Boston ndicho nikipendacho zaidi. Aprili 1926 jarida lake lilichapisha masimulizi ya Herbert Asbury kuhusu kahaba wa mji mdogo aliyenyimwa nafasi kanisani, na chama cha walinda maadili cha Boston, kikiongozwa na mchungaji J. Frank Chase, kikazuia lisiuzwe. Mencken alisafiri hadi huko, akasimama katika bustani ya Boston Common mbele ya umati, akamwuzia mchungaji mwenyewe nakala moja. Alipopokea sarafu aliing'ata kwanza, kama muuza samaki asiyemwamini mteja, kisha akakamatwa papo hapo kama alivyokusudia. Kesho yake hakimu alimwachilia. Usiku mmoja tu ukapita kati ya kukamatwa na kuachiliwa, na aliyekuwa ameaibika ni mchungaji.

Ukitaka kuona tofauti, uweke usiku huo mmoja kando ya miaka ya Abdilatif Abdalla, mwana wa Mombasa, aliyefungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijitabu cha kuuliza Kenya inaelekea wapi. Au umtazame Wahome Mutahi, ambaye safu yake ya Whispers iliwachekesha Wakenya kwa miaka mingi, na ambaye mwaka 1986 alikamatwa na kufungwa katika msako wa waliotuhumiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali. Sheria ya uchochezi iliondolewa Kenya mwaka 1997, lakini Desemba 2024 mchoraji ajulikanaye kama Kibet Bull, aliyekuwa akisambaza michoro ya kumdhihaki rais, alitoweka na hakuonekana hadi Januari. Huko Boston mwenye hasira aliandika mashtaka, hakimu akayasoma na jambo likaisha. Kwetu hasira ya mkubwa hushuka mwilini mwa aliyecheka, na mara nyingine haipiti mahakamani kabisa.

Hata hivyo, anayedhani Marekani ilizaliwa na uvumilivu huo hajasoma habari za mwaka 1918, wakati sheria ya uchochezi ya hapahapa ilipompa mwanasiasa msoshalisti Eugene Debs kifungo cha miaka kumi kwa kuhutubia dhidi ya vita, na Mencken mwenyewe, mjukuu wa Wajerumani, akaona ni busara kuiweka siasa kando mpaka vita viishe. Tena uhuru ule ulikuwa na rangi. Mwandishi Richard Wright alipokuwa kijana mweusi mjini Memphis alitamani kusoma vitabu vya Mencken, lakini maktaba haikuwaazima watu weusi, na ilimlazimu aghushi barua kwa jina la mzungu ili avipate. Alivisoma akashangaa kuwa mtu anaweza kupigana kwa maneno.

Hapa ndipo ninapompenda Mutahi kuliko Mencken. Katika Whispers mtu aliyechekwa zaidi alikuwa Whispers mwenyewe: mume mnywaji, muoga, anayetetemeka mbele ya mkewe aitwaye Thatcher. Msomaji alipomcheka alijicheka, kama watani wanavyochekana msibani wakijua kwamba zamu itageuka. Mencken alicheka akiwa ghorofani, akiwatazama wakulima wa kusini kama wadudu, na shajara zake zilipochapishwa mwaka 1989 zilionyesha dharau yake kwa Wayahudi na watu weusi. Lakini makala yake ya mwisho katika Sun, ya Novemba 1948, ilishambulia amri iliyosababisha weusi na weupe kukamatwa kwa kucheza tenisi pamoja katika bustani ya Druid Hill. Wiki mbili baadaye alipatwa na kiharusi kilichomnyima uwezo wa kusoma na kuandika hadi alipofariki mwaka 1956. Sijui mwandishi mwingine anayenitatiza kiasi hiki.

Jambo ambalo wenzangu wa ughaibuni hulisahau ni kwamba Mencken alikuwa na mwajiri aliyesimama naye. Kuanzia 1934 aliketi hata katika bodi ya kampuni ya gazeti. Sisi tunaofanya kazi za zamu katika nyumba za kutunzia wazee tunaweza kumcheka rais mchana kutwa, lakini sijasikia mtu akimcheka msimamizi wa zamu ilhali mlango u wazi. Mwenzangu mmoja alithubutu, kwa kijembe ambacho barazani kwetu Mombasa kisingemnyanyua mtu kitini, na wiki iliyofuata saa zake zilipunguzwa nusu. Hakuna mahakama iliyoombwa iseme lolote, kwa sababu katiba wanayojivunia Wamarekani inaizuia serikali kumziba mtu mdomo, na mwajiri binafsi si serikali.