Mkalimani wa Sendofu

Kabla hujanicheka, jua kwamba nilikuwa nimesoma. Tatizo lenyewe lilianzia hapo.

Nilikiokota kitabu kile kwa muuza vitabu vya mitumba hapa Morogoro. Hakikuwa na jalada, na panya walishakitembelea. Kilieleza asili ya maneno ya Kiingereza. Humo nikagundua kwamba "lord" zamani alikuwa mlinzi wa mkate, na "lady" ni mkandaji wa unga wa mkate huo. Nikamkimbilia mke wangu jikoni, anakanda chapati, nikamwambia yeye ndiye "lady" halisi.

"Sawa, mlinzi," akasema. "Na huo unga nani ananunua?"

Wiki hiyohiyo jirani akanifuata. Binti yake anaolewa na Mwingereza, wakwe wanakuja kwenye sendofu, na Kiswahili hawana hata cha kuombea maji. "Mwalimu, utanitafsiria hotuba." Mimi nafundisha jiografia, lakini mtaani mwalimu ni mwalimu. Nikakubali kabla hajamaliza sentensi.

Ukumbi ukajaa. Baba mzaa chema akashika maiki: "Binti yangu ni mtiifu sana. Mtaa mzima ni mashahidi."

"Obedient" ilinijia, nikaitupa. Neno hilo tumelichosha kwenye barua za kuomba kazi. Nikachomoa la kitabuni: "My daughter is very buxom. The whole street can testify."

Kimya. Bwana harusi akageuka rangi ya kachumbari.

Nijitetee kidogo. Zama za Kati, bibi harusi wa Kiingereza aliapa mbele ya padri kwamba atakuwa "bonere and buxum" kitandani na mezani, yaani mpole na mtiifu. Mzizi wake ni kupinda: mtu anayepindika kwa amri. Karne zikapita, neno likahamia kwenye uchangamfu, likanenepa, mwisho likatua kifuani pa mwanamke na hapo ndipo linapokaa mpaka leo. Habari ya kifuani sikuipata. Ukurasa wangu panya waliula palepale kwenye utii.

Mzee alipoona wazungu wamekodoa macho, akaninong'oneza: "Wamefurahi? Hebu rudia hapo kwa binti."

Nikarudia. Kwa sauti.

Akaendelea: mama yake ni mama wa nyumbani hodari. Nikasema, "Her mother is a famous hussy." Na kweli "hussy" ni "housewife" lilelile lililofupishwa na ndimi za watu, la kwanza likaharibikia mjini likawa mwanamke asiyejiheshimu, la pili likabaki na heshima zake. Mama mzaa chema, masikini, akainuka akapunga mkono.

Kisha akamgeukia mkwe: "Nawe kijana, una heri." Hapa sina utetezi mzuri. "Silly" nalijua wanavyolitumia leo, mjinga, na "knave" ni laghai. Lakini zamani "silly" lilimaanisha aliyebarikiwa, na "knave" alikuwa mvulana tu. Nikajiambia, hawa ndio wenyewe, neno lilizaliwa kwao, watakosaje kujua asili yake? Nikamnyooshea kidole: "And you, silly knave!" Ingekuwa natafsiria Wajerumani ningepona, maana wao mpaka kesho mwenye heri ni "selig" na mvulana ni "Knabe".

Shemeji mmoja wa Kiingereza akaweka chini soda yake na kuanza kukunja mikono ya shati.

Bibi harusi ndiye aliyeniokoa. Alikuja taratibu na gauni lake refu, akainama kidogo, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia marahaba. "Naomba maiki. Na naomba ukae." Sijui aliwaambia nini wakwe zake, ila ukumbi mzima ulicheka kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, na mzee akajua hotuba yake imetia fora. Mpaka leo hajaambiwa.

Wakati wa pilau nilijificha nyuma ya spika. Bibi yake bwana harusi akanikuta hukohuko, ajuza wa kutembelea fimbo, mwalimu mstaafu wa fasihi. Yeye peke yake alicheka tangu "buxom" ya kwanza, kitambaa mdomoni. Akanishika mkono kwa mikono miwili. "You are a very nice man," akasema. "Very, very nice."

Nikarudi nyumbani nimefarijika. Nikamwambia mke wangu, angalau mmoja ameniona mtu mwema. Usiku, usingizi umekataa, nikafungua kitabu herufi N. Sikuwahi kulitafuta neno hilo. Nani anafungua kitabu kutafuta "nice"? Lilitoka kwa Walatini, "nescius", asiyejua kitu. Waingereza walipolipokea, miaka ya 1300 hivi, lilimaanisha mpumbavu.

"Pameandikwaje?" mke wangu akauliza.

Nikamwambia panya wamekula.