Antigone hakuhitaji vazi la kiume
Mwandishi wa makala ninayoijibu anadai kwamba mwanamke wa tamthilia za kale aliweza kuvuka mipaka aliyowekewa pale tu alipojificha ndani ya mavazi ya kiume, kama Portia anavyoingia mahakamani akijifanya mwanasheria katika Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969 ya tamthilia ya Shakespeare. Kwa Portia ni kweli, lakini Antigone wa tamthilia ya Mgiriki Sophocles, iliyoandikwa katika karne ya 5 kabla ya Kristo, analikanusha dai hilo. Mfalme Creon amepiga marufuku kumzika Polyneices, kaka yake Antigone. Antigone anaufunika mwili wake kwa vumbi, anakamatwa na walinzi, na anapoulizwa hakani hata kidogo. Ismene, dada yake, alikwisha kumwonya kwamba wao ni wanawake, hawakuumbwa kushindana na wanaume, naye Creon anatamka kwamba binti huyo akiachwa bila adhabu, basi binti ndiye atakayekuwa mwanamume, si yeye Creon. Niliigiza nafasi ya Ismene nikiwa sekondari, na kinachonigusa mpaka leo ni kwamba kuosha maiti na kuomboleza ilikuwa kazi ya wanawake katika Ugiriki ya kale, kwa hiyo Antigone anautikisa utawala kwa kuushikilia wajibu uleule wa kike, jambo ambalo naamini ndilo lililomtia Creon hofu kuu. Je, wasomaji wenzangu, katika tamthilia zetu za Kiswahili mnamwona nani anayesimama hivyo kwa sura na jina lake mwenyewe?