Jasho la Wote, Ghala la Mwenyewe

Mkulima wa Tanzania aliyekwepa shamba la ujamaa, lile la kijiji kizima kulima pamoja, miaka ya 1970 huitwa mbinafsi, au mtu aliyeng'ang'ania mila. La kwanza nalikataa. La pili ni kweli, ila mila yenyewe haisomwi vizuri.

Iringa kuna mgowe: mwenye shamba anapika pombe, majirani wanakuja na majembe, na siku nyingine zamu ni ya mwenzake. Jasho ni la wote. Mahindi yanaingia ghala la mwenye shamba. Mwalimu Nyerere, alipoeleza mwaka 1962 kwamba ujamaa ni undugu wa jadi uliopanuliwa, alikumbusha msemo wa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sawa kabisa. Lakini kwenye shamba la kijiji, mvivu anapewa jembe na nani? Nyumbani kuna baba, kuna shangazi, kuna aibu. Kijijini kuna daftari la mahudhurio, na anayelala chini ya mti naye kaandikwa "yupo".

Halafu kuna mvua. Ikidondoka ya kwanza, siku chache tu ndizo za kupanda, na kila mtu anakimbilia kwake, maana ndiko watoto wanakolia. Shamba la kijiji linapandwa mwisho, linapaliliwa mwisho. Ofisini hilo lilisomeka kama hujuma. Kwa mkulima ilikuwa hesabu tu. Ubishi huo ulifika pabaya Isimani, huko huko Iringa: sikukuu ya Krismasi 1971, Mkuu wa Mkoa, Dkt. Wilbert Klerruu, aliuawa shambani kwa Saidi Mwamwindi, ambaye baadaye alinyongwa.

Watetezi wa vijiji wana hoja, tena nzito. Huwezi kujenga zahanati wala kuchimba kisima kwa kaya zilizotawanyika porini, na watoto wengi waliona darasa kwa sababu ya kuhamishiwa vijijini. Ila shule ilihitaji nyumba zikaribiane, si maghala yaunganishwe.

Na kulima kwa pamoja kuliwezekana. Litowa, Ruvuma, watu walijiunga kwa hiari na kujipangia kazi wenyewe. Mwaka 1969 chama tawala kikauvunja umoja wao. Novemba 1973 kuishi vijijini kukawa amri, na nyumba nyingine zikachomwa moto ili wenyewe wasirudi.

Baadaye serikali yenyewe ikahimiza mashamba ya bega kwa bega: vipande vinapakana, kila kaya inavuna chake. Mgowe, basi, bila pombe.