Kama mtoto wa nyumbani

Juzi nimeingizwa kwenye kundi la WhatsApp la kuchangia safari ya mpwa wangu. Ujumbe wa kwanza: "Binti yetu amepata kazi Ujerumani! Tunahitaji 180,000 za wakala kufikia Ijumaa." Mikono ya kuomba, bendera, ndege inaruka. Nikampigia.

"Kazi gani?"

"Au pair, shangazi. Unaishi na familia, unawasaidia watoto. Mshahara ni euro 280."

"Kwa wiki?"

Kimya. Kwa mwezi.

Hapo ndipo nilipokasirika, na hasira yenyewe haikuwa ya mtoto. Ilikuwa ya huyo wakala wa ofisi ya chumba kimoja, katikati ya jiji, anayemwita mtoto wa watu "mteja" na kumuuzia masharti ambayo ubalozi wa Ujerumani hapa Nairobi unayatoa bure. Masharti hayana siri yoyote. Uombe viza kabla hujatimiza miaka 27. Uwe na Kijerumani cha A1, yaani ngazi ya kwanza kabisa. Familia iwe na mtoto chini ya miaka 18 na nyumba inayozungumza Kijerumani. Mkataba mnasaini wewe na familia. Unakaa miezi 6 hadi 12, halafu basi, huongezewi. Na wale mnaopanga kumpeleka mdogo wenu kwa dada aliyeolewa Hamburg, poleni: undugu na familia mwenyeji unakataza.

Kinachogharimu kweli ni Kijerumani chenyewe, na hicho wakala hakusomei. Tikiti pia kwa kawaida ni yako. Sasa hiyo 180,000 ni ya nini? Ya kupata familia, naambiwa. Familia ambayo wenzake wameipata kwa kujiandikisha mtandaoni na kupiga simu za video.

Na asiniambie mtu kwamba euro 280 ni "mshahara". Ni pesa za matumizi. Wajerumani wenyewe hawaiiti kazi, ndiyo maana kima chao cha chini cha mshahara hakiihusu. Jina ni la Kifaransa, maana yake sawa kwa sawa: unaishi nao, unakula nao, unajifunza lugha, unawasaidia watoto na kazi nyepesi za nyumbani. Ukizigeuza shilingi ni kama elfu arobaini hivi, na kijijini zinasikika nyingi mpaka uende dukani Munich. Familia inalipa bima, na inachangia euro 70 kwa mwezi za masomo ya lugha. Haya, hapo nawapa haki yao. Binti mwenye akili anarudi na Kijerumani, au anaingia huko huko kwenye mafunzo ya uuguzi. Nawajua wawili waliofanya hivyo. Sipingi safari.

Lakini kuna sentensi moja iliyonikaa kooni tangu niyasome yale masharti: au pair achukuliwe kama mmoja wa familia. Mwanamke yeyote aliyelelewa Kenya anaijua sentensi hiyo. Tumeitumia sote. "Dada wetu si mfanyakazi, ni kama mtoto wa nyumbani." Tunaisema mgeni akiwepo, dada akiwa jikoni, saa tatu usiku, anaosha sufuria. Mtoto wa nyumbani haulizi mshahara umechelewa kwa nini. Mtoto wa nyumbani hana Jumapili. Akivunja kikombe anakatwa, na hapo ghafla si mtoto tena.

Kwa hiyo nilipoisoma kwa Wajerumani nilitetemeka, nikidhani wamekuja kuiazima kwetu. Tofauti ni kwamba wao wameifunga kamba. Baada ya "mmoja wa familia" zinafuata tarakimu: saa zisizozidi 6 kwa siku, 30 kwa wiki, na kubaki na watoto jioni kunahesabiwa humo humo. Siku moja na nusu ya mapumziko kila wiki, na angalau Jumapili moja kwa mwezi iwe yako. Jioni nne huru kwa wiki. Likizo ya wiki nne kwa mwaka. Chumba chako mwenyewe, chenye mita za mraba 8, dirisha na joto. Mtu alikaa akapima chumba! Kwa sababu alijua upendo wa familia bila kipimo unaishia wapi. Na hata kipimo hakitoshi daima. Norwei waliufuta mpango wao wote Machi 2024, baada ya miaka ya lawama kwamba umekuwa mlango wa nyuma wa watumishi wa bei rahisi.

Nikamwambia mpwa wangu: hizo tarakimu zikariri kama namba ya kitambulisho, kwa Kijerumani. Siku mama mwenye nyumba atakapokuambia kwa tabasamu "sisi ni familia, tusihesabiane," ndiyo siku ya kuanza kuhesabu.

Halafu, kwa ujinga wangu, nikahesabu za kwangu. Dada wangu wa kazi huamka saa kumi na moja alfajiri na kulala saa tatu usiku. Nikamtolea saa tatu za kupumzika kila siku, nikijipendelea. Saa 30 ziliisha Jumatano, kabla ya chai ya saa nne. Na msiseme huku hatuna sheria: ya ajira ya 2007 inasema siku moja ya mapumziko katika kila saba, na kima cha chini cha mfanyakazi wa ndani hapa Nairobi kimepita shilingi 15,000 tangu 2022. Muulizeni jirani yenu anamlipa dada ngapi. Anza na wewe, utaniambia. Mimi nilikuwa nimefika elfu kumi na mbili, na nikijiona mkarimu, kwa sababu huwa namnunulia mafuta ya nywele.

Nimempandishia. Jumapili zake ni zake, na wiki ya kwanza tulikula mkate mkavu kwa sababu hakuna aliyekumbuka kununua maziwa.

Kundi bado linanitaja kwa jina kila asubuhi. Tikiti ikifika wakati wake nitachangia, na ada ya mtihani wa A1 nimeshaituma. Ya wakala, hata senti.