Kuizamisha meli mara nne si kosa
Makala moja niliyoisoma inailaumu tamthilia ya Titanic iliyorushwa na ITV ya Uingereza mwaka 2012, ile ya sehemu 4 iliyoandikwa na Julian Fellowes, kwa kuirudia kila wiki ajali ileile ya kuzama kwa meli hiyo. Kwa maoni yangu, kuurejea usiku ule kwa macho ya abiria wengine ndiko kunakomwonyesha mtazamaji jinsi daraja la tiketi lilivyochangia kuamua nani aokoke: mashua ya uokoaji namba 1, yenye nafasi za watu 40, iliteremshwa ikiwa na watu 12 tu, na 7 kati yao walikuwa wafanyakazi wa meli. Kinachonichosha ni mapenzi ya kubuni, yanayokula dakika ambazo wangestahili wachochea makaa, wale wafanyakazi wa kulisha moto wa meli.